Vumbi Lililosimama Rubongi

Alasiri moja ya mwaka 1968, Selpher, mwandishi wa programu, alikuwa akichovya andazi kwenye chai mbele ya kompyuta ya kiwanda cha chokaa, karibu na Tororo. Mashine ile ilifanya kazi mbili kwa zamu: kupiga hesabu ya uzito wa magunia yanayotoka, na kukadiria vumbi linaloangukia nyumba za Rubongi, kijiji cha jirani. Magunia ndiyo yaliyopewa nafasi ya kwanza. Yakibisha hodi, hesabu ya vumbi ilikatizwa katikati, na magunia yakaandika desimali zao juu ya desimali zake. Vumbi liliporudi kwenye zamu, liliendelea na namba za magunia. Jibu likatoka upuuzi, na meneja, Bwana Patroba, akalitupa bila kinyongo.

Selpher alichoka na upuuzi. Aliongeza amri chache kwenye programu kuu: kabla magunia hayajaingia, desimali za vumbi zinakiliwe kwenye kumbukumbu, pamoja na mahali kila nukta inapoelea; magunia yakiondoka, zirudishwe vilevile.

Magunia yaliingia. Huko Rubongi, vumbi likasimama.

Aliliona dirishani, akateremka kwa miguu hadi kwa Agwang, mama aliyempangisha chumba. Punje za vumbi zilining'inia juu ya paa, nyeupe, zimetulia, na katikati yake Mwamba wa Tororo ukaonekana kama umeoshwa. Majirani walikuwa wametoka nje. Mlangoni alikaa Mangeni, mumewe Agwang, aliyeacha kifua chake kwenye tanuri la kiwanda. Kikohozi kilikuwa kimemkatikia katikati, naye alikuwa anapumua.

Agwang aliinua mkono, akazisukuma punje. Zilisogea, kisha kila moja ikarudi mahali pake.

"Ni wewe umefanya, mtoto wangu?"

"Ni mimi, mama. Nimelihifadhi."

"Basi liache huko huko. Usilirudishe."

Selpher alirudi kazini, akaizuia zamu ya vumbi. Kesho yake Bwana Patroba akaja.

"Kumbukumbu imejaa. Hizi desimali ni za nani?"

"Za vumbi la Rubongi, Bwana."

"Rudisha au futa. Magunia yanangoja."

Selpher alitazama nje. Bomba la moshi la kiwanda halikuwa limesimama. Vumbi jipya lilikuwa limepanga foleni nyuma ya lile la jana. Kama angezifuta desimali, vumbi lote lingeanguka vilevile, ila lisingejulikana ni kiasi gani. Machozi yalimlengalenga. Akarudisha.

Vumbi lilishuka kutoka palepale lilipokuwa. Mangeni alimalizia kikohozi chake, akaanza kingine. Agwang alifunika mtungi.

Jibu lilitoka sahihi hadi desimali ya mwisho. Bwana Patroba alilisoma amesimama, akavua kofia.

"Kazi safi sana, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Sijawahi kuona hesabu kama hii."

Jumatatu, kwa kutegemea hesabu hiyo, tanuri la pili likawashwa.