Ukuta Usio na Dirisha

Huku kwetu huwezi kujenga hata banda la baiskeli kabla watu hawajaliona angani. Sheria inataka usimamishe milingoti kwenye kiwanja, kila pembe ya jengo mlingoti wake, kwa urefu uleule ambao jengo litafikia, na uiache hapo mwezi mzima ili jirani mwenye kinyongo apate nafasi ya kuweka pingamizi. Watu wa Aarmatt wanaupenda mwezi huo kuliko Krismasi. Asubuhi moja ya Machi, milingoti ya Kathrin Zurbuchen iliposimamishwa kwenye gati la zamani la meli, nusu ya mji ilipita pale ikijidai inatembeza mbwa, hata wale wasio na mbwa.

Kathrin ndiye aliyekuwa msanifu wa jengo lenyewe. Lilikuwa liwe ukumbi wa sanaa wa mji: maonyesho ya picha chini, tamthilia na muziki juu, na ngazi pana za mawe zitakazoshuka mpaka ndani ya Ziwa la Brienz ili watu wakae pale wakati wa mapumziko na miguu yao majini. Alilichora yeye na mshirika wake, Jürg Fankhauser, katika chumba kilicho juu ya duka la maziwa, kwa miaka minne ya kuchora, kufuta na kugombana. Katika mchoro, kuta zilikuwa za mbao za milimani zisizopakwa rangi, ili zizeeke kijivu kama mabanda ya nyasi. Juu ya jukwaa palisimama mnara, mrefu, mtupu kwa nje, ambamo mapazia na mandhari yote ya mchezo yangepandishwa kwa kamba. Bila mnara huo hakuna kundi la tamthilia la maana ambalo lingekanyaga Aarmatt. Kathrin alikuwa na miaka hamsini na mbili, ameshachora shule za chekechea, gereji na majiko ya watu wasiojua wanataka nini, na alijua fika kwamba jengo kama hili halitamjia mara ya pili.

Alikuwa mwangalifu. Alichora jinsi jengo litakavyoonekana kutoka stesheni, kutoka kanisani, kutoka kwenye meli, hata kutoka bafuni kwa mwenye hoteli, maana huyo alikuwa ametishia kwenda mahakamani. Kutoka dirisha moja tu hakuwahi kuchora, nalo lilikuwa dirisha la jikoni kwa mama yake.

Mama yake, Lydia, aliishi ghorofa ya tatu, juu ya lililokuwa zamani duka la mikate, nyuma tu ya gati. Kathrin alikwenda kumwona kila Jumapili, na kila Jumapili alikaa kwenye kiti kilekile, kilicholigeuzia dirisha mgongo. Hakukaa hapo kwa bahati. Mdogo wake, Res, alitoka na mashua ndogo Jumapili moja ya Oktoba, miaka mingi nyuma, akiwa na miaka kumi na tisa, kukiwa shwari kabisa, kisha ule upepo wa joto ukashuka kutoka milimani ghafla kama kawaida yake na kulivuruga ziwa zima. Mashua ilipatikana. Res hakupatikana. Ziwa letu lina kina kirefu na baridi kali, na likishachukua mtu mara nyingi halimrudishi. Wazamiaji wa polisi walishuka mpaka giza likawazuia. Kanisani kuna jiwe lenye jina lake, na chini ya jiwe hamna kitu.

Tangu siku hiyo Lydia akishaosha vyombo huketi dirishani kuyatazama maji mpaka giza liingie. Mumewe alipotaka wahamie Bern karibu na dada yake, alikataa, na mume akazeeka na kufa hapohapo. Harusini kwa Kathrin alikaa mpaka keki ikakatwa, kisha akachukua koti lake akarudi nyumbani, maana ilikuwa bado mchana. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sisi ni watu wa kusalimiana kwa majina na kunyamaziana kwa miaka, na katika familia ya Zurbuchen jina la Res lilikuwa halitajwi mezani, wala la ziwa, wala la upepo.

Jumapili ya kwanza baada ya milingoti kusimama, Kathrin aliingia jikoni akasimama palepale mlangoni. Hakuhitaji hata kusogea dirishani. Milingoti ya mnara ilikuwa imesimama katikati ya dirisha la mama yake, mmoja kushoto na mmoja kulia, na ukuta utakapojaza nafasi iliyo kati yake halitabaki ziwa.

"Kaa, kahawa itapoa," Lydia alisema. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakaa mahali pake, macho nje. "Ule wa kushoto ndio mwisho wa ukuta?"

"Ndiyo, Mama."

"Unapanda mpaka pale juu kabisa?"

"Mpaka juu. Ni mnara wa jukwaa."

"Na dirisha je? Hautakuwa na dirisha?"

"Hauna. Ndani ni giza tu na kamba."

"Haya," alisema Lydia. Alimimina maziwa, mengine yakaingia sahanini. Machozi yalikuwa yakimlengalenga machoni.

"Mama, linakusumbua?"

"Jengo zuri. Wewe fanya kazi yako."

Mtu wa mbali angeyachukua maneno hayo kama yalivyo. Lakini Kathrin alilelewa katika nyumba ile. Baba yake alikuwa akisema supu nzuri kila ilipozidi chumvi. Shangazi alikuwa akisema hajambo siku tatu kabla ya kulazwa. Kusifu ilikuwa njia yao ya kuficha kidonda, na Kathrin aliitambua njia hiyo hata gizani. Akala mkate, akasifu mkate.

Alipokuwa akishuka ngazi alikutana na Bi Gertsch, jirani wa ghorofa ya pili, mama mmoja anayejua kila kitu isipokuwa muda wa kunyamaza.

"Wee Kathrin, njoo nikwambie. Mama yako analia siku hizi. Kuta hizi ni karatasi, mimi nasikia."

"Analia lini?"

"Jioni. Pale pale dirishani kwake. Na watu wa ghorofani walimpelekea karatasi ya pingamizi atie saini, akawafukuza. Mama mtu mpole vile, kawafukuza kama mbwa! Akasema hatampinga mwanawe." Bi Gertsch alimshika mkono. "Si neno langu kusema, lakini wewe unajua anatazama nini pale."

"Najua, Bi Gertsch."

Alijua, na ndicho kilichomuua. Alitembea mpaka gatini akasimama kati ya milingoti yake mwenyewe, akatazama juu kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, akamwona mama yake, kichwa kidogo cheupe nyuma ya kioo. Hajawahi kupewa kaburi la mwanawe, Kathrin aliwaza, ana kipande kile tu cha maji, na mimi binti yake ndiye ninayekuja kukifunika kwa mbao. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Jumatatu alimwambia Jürg wauondoe mnara. Jürg alicheka kwanza.

"Siku ya wajinga ya Aprili bado, bosi."

"Sitanii. Tunashusha paa lote liwe sawa na la ukumbi."

"Kathrin. Tukishusha paa tunabaki na nini? Ukumbi wa harusi! Klabu ya waimbaji wa milimani Jumatano, mkutano wa wafuga nyuki Alhamisi." Alisimama mbele ya kielelezo kidogo cha jengo, cha kadibodi, kama anayemlinda mtoto. "Nani amekutisha? Mwenye hoteli?"

"Mama yangu."

"Ameweka pingamizi?"

"Hajaweka. Hataweka."

"Sasa?"

Kathrin alimweleza, maneno machache, maana hata kwa Jürg hakuwahi kulitaja ziwa kwa namna hiyo. Jürg alikaa kitako. Aliguna, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Umezungumza naye? Yaani umemuuliza waziwazi, Mama, unataka tufanyeje?"

"Humjui mama yangu. Ukimuuliza atasema jengo zuri."

"Labda ni zuri!"

"Jürg, tafadhali."

Hakubishana tena, lakini hakuchora pia. Kathrin aliufuta mnara peke yake. Kuchora ni raha, kufuta kilichokuwa kimekaa mahali pake ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa sababu kila mstari ulishikana na mwingine. Mnara ulipoondoka jukwaa likakosa kina, jukwaa lilipokosa kina viti vikasogea, viti viliposogea ngazi za ziwani zikakaa upande kama meno mabovu. Alitengeneza alichoweza. Usiku akilala aliuona mnara ule umesimama mzima, kijivu, unanuka mbao, naye akijikaza asilie kwa ajili ya kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Halmashauri ilifurahi kupita kiasi. Bwana Abegglen, mwenyekiti wake, mtu ambaye tamthilia ya mwisho aliyoiona ilikuwa ya shuleni, alisema hatimaye usanifu umepata adabu. Waliupitisha mchoro mpya bila swali, na faranga zilizookolewa wakazipeleka hapohapo kwenye maegesho ya magari. Jürg alihudhuria, akaitikia kwa kichwa, shingo upande, kisha akatoka bila kuaga. Wiki iliyofuata wafanyakazi walipanda na misumeno wakaikata milingoti ya mnara hadi urefu wa paa jipya.

Jumamosi Kathrin aliusuka mkate kama nywele na kuuoka mwenyewe, jambo alilokuwa hajalifanya kwa miaka, akaupeleka kwa mama yake ukiwa bado wa moto. Alipanda ngazi haraka. Tangu Machi ndiyo mara ya kwanza alijisikia mwepesi.

Lydia alikuwa dirishani. Nje ziwa lilikuwa wazi kutoka ukingo hadi ukingo, la kijani, limetulia.

"Wameikata," Lydia alisema bila kugeuka. "Niliona wanapanda. Nikasema labda wanairekebisha."

"Hawarekebishi, Mama. Mnara haupo tena. Nimeuondoa."

"Umeuondoa wewe?"

"Mimi. Ziwa lako utaliona lote, kama zamani."

Lydia aligeuka sasa. Uso wake haukuwa uso aliokuwa ameutegemea Kathrin. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungua mlango akakuta gari limeshaondoka.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nilikuona na machozi. Bi Gertsch alisema unalia kila jioni."

"Nililia, ndiyo." Lydia aliweka mikono mezani. "Nililia kwa sababu nilidhani naachiliwa."

Kathrin hakuelewa. Alibaki amesimama na mkate mikononi.

"Kila siku nakaa hapa namwambia, Mama yuko, sijakwenda popote. Nikilala mapema naona nimemtupa. Nikienda Interlaken kwa daktari wa macho namwomba radhi njiani. Nimechoka, Kathrin. Nimeyachoka yale maji mpaka nayachukia. Ile milingoti iliposimama nikasema, hatimaye. Wanajenga ukuta, na ukuta hauna dirisha. Kila jioni nilikuwa naukadiria na kumuaga kidogo kidogo. Nikamwambia, vumilia, mwaka kesho Mama hataweza kukuona tena, lakini si kwa kupenda kwake."

"Mama, tungeweka pazia. Tungehama. Siku yoyote, ungesema tu."

"Pazia nalifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Ukuta ungejengwa na mji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Niseme nataka nisimwone mwanangu? Mama gani huyo?" Alimtazama bintiye, si kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilikwambia jengo zuri. Nilikwambia fanya kazi yako. Nilidhani umesikia."

Kathrin aliuweka mkate mezani. Alikaa kwenye kiti chake.

"Hauwezi kurudishwa?" Lydia aliuliza taratibu. "Ule mnara."

Kathrin aliwaza Bwana Abegglen, maegesho, kura, Jürg aliyekuwa hajapokea simu yake tangu siku ile. "Hauwezi, Mama. Umekwisha."

Lydia alitikisa kichwa kukubali. Aliukata mkate, akampa binti yake kipande, akala chake chote polepole, akakusanya makombo kwa kiganja. Kisha akakivuta kiti chake kukielekeza dirishani, maana jua lilikuwa bado halijazama.

Kathrin aliinuka. Alikichukua kiti chake mwenyewe, akazunguka nacho meza, akakiweka mbele ya dirisha kwa mara ya kwanza tangu awe msichana.

"Nenda kalale, Mama. Leo nitakaa mimi."

"Utakaa mpaka giza?"

"Mpaka giza."

"Usisinzie. Wewe ukikaa kidogo unasinzia."

"Sitasinzia."

Lydia alisita mlangoni, kama mtu anayemwachia mgeni mtoto mchanga. Halafu akaenda. Kitanda kililia mara moja, pakawa kimya, na muda si muda akawa anakoroma kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Kathrin alikaa akiyatazama maji, akilia huku amejiziba mdomo asije akamwamsha.