Tumbo la Tansy

Enid Ormerod alisimama nyuma ya kamba, kikombe cha chai mkononi, akijifanya hamjui hamsta wake mwenyewe. Ndiyo desturi ya maonyesho: kila mnyama yumo kizimbani na namba yake tu, na mwenyewe akijitambulisha mbele ya jaji, basi, ametoka mashindanoni. Enid alifuga hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya, tangu ujana wake na hajawahi kuteleza.

Jaji, Bwana Cyril Haworth mwenye masharubu mazito, akamtoa Tansy wa Enid na kumgeuza chali kiganjani.

“Mgongo dhahabu iliyokolea, safi sana,” akamwambia karani wake. “Lakini hili tumbo! Jeupe pe! Kiwango kinataka rangi ya pembe ya ndovu. Huyu amebeba urithi wa mvi.”

Moyo wa Enid ukamlipuka paa! Chai ikamwagikia viatu.

Jumatatu alikuwa amempandisha Tansy kwa dume la mvi, lile ambalo manyoya yake meupe yamechanganyika na ya rangi. Dume kama hilo ukilipatia jike lisilo na urithi huo, hakuna neno. Lakini ukiwakutanisha wawili walioubeba, baadhi ya watoto huzaliwa weupe, na mahali pa macho hamna kitu. Enid aliwahi kuwaona kwa mfugaji mwenzake, wakipapasa kutafuta titi, na siku ile aliapa kwamba kwake hawatazaliwa kamwe.

Si alimkagua Tansy, tena dirishani penye mwanga? Alimkagua, akaona rangi ya pembe. Haya, kwa jicho gani? Jumatano ndipo yeye Enid alipotolewa mtoto wa jicho moja, na tangu hapo mashuka aliyodhani ya manjano yamegeuka meupe. Akafumba jicho jipya: tumbo la Tansy, pembe. Akafumba la zamani: maziwa matupu. Mungu wangu, nimefanya nini?

“Una nini, mke wangu?” mumewe Wilf akamnong’oneza. “Umekuwa mweupe kuliko hilo tumbo.”

“Nyamaza, Wilf!”

Kulikuwa na njia moja ya kujua: kuyapuliza manyoya ya tumbo yafunuke. Mashina yakiwa ya kijivu, salama. Yakiwa meupe mpaka kwenye ngozi, ndiyo basi tena. Na jaji alikuwa tayari anamrudisha Tansy kizimbani.

“Mpulize!” Enid akapaza sauti. “Mpulize tumbo, Bwana Cyril! Nitazamie mashina!”

“Bi Enid? Kumbe ni wako huyu! Unajua sasa itabidi nikutoe.”

“Nitoe! Nitoe hata mwaka mzima, lakini mpulize kwanza!”

Bwana Cyril akashusha pumzi, akapuliza. Wingu jeupe likamrukia masharubuni, akapiga chafya mpaka karani akamdaka Tansy. Alipojifuta, akapuliza tena, akatazama kwa makini.

“Kijivu,” akasema. “Kijivu chini, pembe juu, kama inavyotakiwa. Lakini bibi wewe, unampaka mnyama poda? Hilo nalo ni kosa! Ningekutoa mara mbili kama ingewezekana.”

Enid akamgeukia mumewe taratibu. Wilf alikuwa anaitazama dari.

“Alijikojolea,” Wilf akasema. “Na wewe ulikuwa umelala na bandeji yako. Nikaona nimpodoe kidogo apendeze.”

“Wilf Ormerod, mjinga wewe! Mjinga mkubwa!” Lakini mikono ilikuwa tayari shingoni mwake, na machozi yanamlowesha kola. Watu wakacheka, mmoja akapiga makofi.

“Na utepe wa ushindi je?” Wilf akauliza kwa woga. “Si tumeukosa?”

“Utepe kitu gani!” Enid akampokea Tansy kutoka kwa karani, akampapasa tumbo kwa kidole kimoja, polepole. “Watazaliwa wamefumba, Wilf, kama hamsta wote. Na ndani, macho yamo.”