Upande wa Kushoto wa Mnyoo

Nilikuwa nahesabu kulabu za mnyoo, zile ndoana anazojishikizia, kwa mara ya tatu. Kulia saba, kushoto sita. Umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri, nikageuza kioo cha hadubini kulifuata jua la dirishani, nikahesabu tena. Sita.

Kwenye mchoro wangu zilikuwa saba na saba.

Mnyoo mwenyewe ni bapa, mdogo kuliko punje ya ulezi. Kabula alimtoa kwenye matamvua ya taa, yule samaki mpana mwenye mkia kama mjeledi, akamgandisha kwenye slaidi na kunitumia hapa Tabora kwa basi. Hatuna mwingine. Kabula ni mtoto wa Bukene, mkoani kwetu. Nilimfundisha hadubini nilipokuwa maabara ya hospitali, na sasa ni mtafiti huko pwani. Kuchora nilijifunza mwenyewe, kwa kumtazama baba yangu, fundi wa kanzu. Alikunja kitambaa katikati, akakata upande mmoja, wa pili ukafuata. Nami nilichora nusu ya mnyoo, nikakunja karatasi, nikanakili.

Minyoo jamaa zake wote wanaojulikana wana kulabu sita kila upande. Mwenye saba na saba ni aina mpya. Mwenye saba na sita huenda ni kilema tu. Na Kabula alikuwa ameshampa jina langu, makala ya kumtangaza iende jaridani Ijumaa.

“Bado unahesabu kucha za mdudu?” Tufaha, mke wangu, aliweka chai pembeni.

“Zimepungua.”

Alirudi jikoni.

Nikampigia Kabula simu.

“Shikamoo mwalimu. Mnyoo Humaidi hajambo?”

“Marahaba. Kabula, upande wa kushoto sikuuhesabu.”

“Si uliuchora?”

“Nilikunja karatasi, nikanakili wa kulia. Leo nimeona sita.”



“Mwalimu, wewe ulinirudishia daftari mara nne kwa kuandika nisichokiona.”

“Ndiyo. Nisamehe.”

“Ya saba haiwezi kuwa imefichwa na uchafu?”

“Pana doa. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana.”

“Basi usiseme. Futa, uchore unachokiona. Makala naizuia.”

Nilifuta upande wote wa kushoto. Nilipoinamia hadubini, jua lilikuwa limeshahama dirishani. Nikaifunika slaidi, na kwenye nusu tupu ya karatasi nikaandika kwa penseli: kesho, saa mbili asubuhi, anzia kwenye doa.