Waya wa Mafuta na Kipande cha Murunga

Jumatatu tarehe 14 Machi 1938, saa mbili na robo asubuhi, gari dogo la kijani lenye nguvu za farasi nane liliingia katika gereji iliyokuwa nyuma ya barabara ya stesheni mjini Eldoret. Injini ilinguruma kuliko ilivyopaswa, ingawa dereva alikuwa ameshaondoa mguu. Fundi Kituyi aliweka chini kikombe chake cha chai, akasikiliza kidogo, akajua kwamba waya wa mafuta ulikuwa umenasa tena. Dereva alizima injini kwa ufunguo. Alikuwa mlowezi wa upande wa Chepsaita. Vibarua wake walimwita Bwana Saa, kwa kuwa alikuwa na saa ya mnyororo na aliitazama kila mara mtu alipoanza kumweleza jambo.

Kutoka kiti cha nyuma alishuka Murunga, kibarua wa maziwa. Gari hilo hilo lilikuwa limemuua Alhamisi tarehe 24 Februari.

Kulikuwa na baridi. Kituyi alitoa mvuke mdomoni, na Bwana Saa pia. Murunga hakutoa kitu.

"Wewe natengeneza hii waya leo," Bwana Saa alisema. "Jumatano mimi nakwenda kwa hakimu." Alimnyooshea Murunga kidole. "Hii boi nasaidia wewe. Mimi narudi saa kumi."

Akaenda benki kwa miguu.

Waya wa mafuta ni kamba nyembamba ya chuma iliyosokotwa kwa nyuzi saba. Hupita ndani ya ala, kutoka pedali ya mguu wa kulia hadi kwenye kabureta. Mguu ukikanyaga, waya huvuta na mafuta hufunguka. Mguu ukiondoka, springi huurudisha na mafuta hufungwa. Nyuzi zikianza kukatika, ncha zake hukwaruza ala na waya hushindwa kurudi. Kituyi alikuwa ameziona ncha hizo mwezi wa Januari. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika. Alimwambia Bwana Saa aagize waya mpya Nairobi, ungefika kwa treni baada ya siku nne. Bwana Saa alitazama saa yake, akasema ataagiza baada ya kupanda mahindi. Februari 24 aliikaribia meza ya maziwa, ya kuwekea mikebe, iliyo kando ya barabara ya Turbo, akaondoa mguu, na gari halikupunguza mwendo. Murunga alikuwa ameinama kuinua mkebe, mgongo wake ukielekea barabarani. Waya mpya uliagizwa baada ya mazishi.

Kuubadilisha waya kunataka watu wawili, mmoja kwenye injini na mwingine sakafuni. Kituyi alifungua boneti, akalegeza skurubu ya kabureta kwa bisibisi. Murunga alijilaza chini ya usukani, akauchomoa waya kwenye pedali. Alikuwa na udongo mwekundu masikioni, na ubavu wake wa kushoto ulikuwa umebonyea.

"Vuta," alisema.

"Navuta. Wewe ndiye umeshikilia."

"Nimeshikilia nini? Mikono yako imekuwa laini kwa sababu ya chai ya mjini."

"Mwenye mikono laini ni yule aliyelia siku ya kisu."

"Mimi nililia? Kituyi! Mto mzima ulikuona ukikunja vidole vya miguu."

Walikuwa wametahiriwa asubuhi moja, huko Kimilili, na watu wa namna hiyo wana ruhusa ya kutukanana mpaka kifo. Hakuna aliyekuwa amewaambia waache baada ya hapo.

Waya ulitoka. Nyuzi tano zilikuwa zimekatika sasa. Kituyi aliuzungusha, akaufunga ndani ya gazeti, akauweka mfukoni.

"Wa nini?" Murunga aliuliza.

"Wa hakimu."

Murunga alitoka chini ya usukani. Kisha akasema, "Hakimu akisema nimekufa, Bwana Saa atalazimika kunitia sahihi?"

"Akisema umekufa, kazi imekwisha. Kazi ikiisha ni lazima atie sahihi. Ndiyo sheria."

"Basi sema vizuri siku hiyo. Usigugumize kama unavyoongea na wakwe zako."

Kipande chake kilikuwa kimening'inia shingoni, ndani ya kikebe chake cha bati. Kila mwanamume mweusi aliyepita miaka kumi na sita alipaswa kuvaa kipande, na askari yeyote angeweza kumsimamisha popote na kukidai. Ndani yake paliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, tarehe aliyoanza kazi na tarehe aliyoachishwa. Penye tarehe ya pili tajiri wake alitia sahihi. Aliyeondoka bila sahihi hiyo aliitwa mtoro, na alirudishwa kwa tajiri wake.

Bwana Saa hakutoa lori la kumpeleka marehemu Kimilili, kwa hiyo Murunga alizikwa ukingoni mwa shamba, nyuma ya miti ya miwati, Jumamosi tarehe 26. Mkewe, Nasambu, ndiye aliyemwosha. Alipomaliza kumvika shati alifikiri juu ya safari iliyokuwa mbele ya mumewe. Hakujua ina vizuizi vingapi. Alikisugua kikebe kwa majivu mpaka kikang'aa, akamvika shingoni asije akakamatwa njiani. Wanawake waliokuwapo waliona kwamba amefanya jambo la busara.

Murunga alimweleza Kituyi yaliyofuata huku wakipaka grisi kwenye waya mpya.

"Nilifika mahali pa kwanza, wakaniuliza kipande. Wakafungua, wakasoma. Wakaniambia, 'Wewe bado una tajiri. Rudi kazini.'"

"Nani? Wazungu?"

"Wazungu gani? Walikuwa wanaongea lugha yetu. Mmoja alikuwa na sauti ya babu."

"Hata huko wanataka sahihi?"

"Hata huko."

Jumatatu tarehe 28, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kipyego, nyapara wa shamba, aliita majina ya vibarua. Jina la Murunga lilikuwa bado kwenye orodha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia alifute. Aliliita. Murunga akaitika kutoka mwisho wa mstari. Kipyego aliweka alama, akaita jina lililofuata.

Waya mpya uliingia bila shida. Murunga alisukuma kutoka sakafuni, Kituyi akaupokea kwenye injini na kuufunga. Aliacha ulegevu wa unene wa ukucha, akamwambia Murunga akanyage mpaka mwisho, kisha aachilie. Walifanya hivyo mara kumi na mbili. Kila mara waya ulirudi. Ilikuwa kazi safi. Bwana Saa alipofika saa kumi kamili, alikanyaga pedali mara moja tu, akaondoka na kibarua wake.

Jumatano saa nne shauri liliitwa. Mshtakiwa alikuwa Bwana Saa, na shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari bovu. Nasambu alikaa benchi la mwisho. Alikuwa amenyoa nywele siku ya tatu baada ya mazishi, jinsi inavyopasa, na sasa zilikuwa zimeanza kuota. Kanisani hawakujua wamketishe na wajane au na wake za watu. Kaka wa Murunga alikuwa amekuja kutoka Kimilili kugawa vitu vya marehemu, akamkuta marehemu akikamua ng'ombe, akarudi. Nasambu alitaka jambo moja tu kwa mahakama, kwamba mumewe aruhusiwe kwenda.

Karani mkalimani alikuwa Jackson, kijana wa misheni aliyevaa tai. Hakimu aliuliza marehemu ni nani. Jackson alisoma jina. Murunga alisimama.

"Huyu ndiye marehemu?" hakimu aliuliza.

"Ndiye, bwana," Jackson alijibu.

Hakimu aliagiza kipande chake kifunguliwe. Jackson alipaka wino kidole gumba cha Murunga, akakibandika kwenye karatasi, akalinganisha. Alama zilikuwa sawa. Hakimu alitaka kujua kama mtu huyo ameachishwa kazi. Jackson alitazama penye sahihi, akasema pako wazi. Kipyego aliapishwa, akaulizwa kama Murunga amekosa kazi tangu Februari 24. Alisema alikosa siku tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kwamba Jumapili ni ya kupumzika kwa wote.

"Muulize mwenyewe," hakimu alisema.

Jackson alimgeukia Murunga. "Mzee, bwana anauliza kama umekufa."

"Nimekufa."

"Lini?"

"Alhamisi ile. Nilikuwa nainua mkebe."

"Kuna daktari aliyekuona?"

"Daktari wa wapi? Aliyeniona ni mke wangu. Yuko pale."

Nasambu alisimama. "Nilimwosha kwa mikono yangu," alisema. "Mtu mzima haoshwi na mkewe mbele ya watu akiwa hai. Huyu alikuwa na haya hata ya kuvua kofia."

Watu wachache walicheka. Jackson alitafsiri yote, hata habari ya kofia. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha alisema kwamba hakuna cheti cha daktari; kwamba maneno ya mtu kuhusu kifo chake mwenyewe hayawezi kuthibitishwa na mwingine; na kwamba kwa mujibu wa hati pekee iliyo mbele yake, Murunga ni kibarua aliye kazini. Pasipo marehemu, hapana aliyesababisha kifo.

Kituyi alisimama bila kuitwa, gazeti mkononi. "Bwana hakimu, mimi ndiye fundi. Nilimwambia mwezi wa kwanza. Waya wenyewe huu hapa."

Hakugugumiza. Hakimu aliutazama waya, akauliza kama bado uko kwenye gari.

"Hapana, bwana. Nimeweka mpya juzi."

"Umeuweka vizuri?"

Kituyi alikuwa mtu wa kweli. "Vizuri, bwana."

"Basi gari si bovu," hakimu alisema, na shauri likafungwa saa tano kasorobo.

Nje, Nasambu alimfuata Bwana Saa mpaka kwenye mlango wa gari. Kituyi alikuwa nyuma yake. Murunga alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma.

"Bwana, shauri limekwisha. Hakuna mtu atakushtaki tena. Mtie sahihi aende zake."

"Kwenda wapi?"

"Kwa watu wake."

Bwana Saa alitoa saa, akaitazama. "Hii boi iko kazi mzuri. Hapana kula posho. Hapana gonjwa. Kwa nini mimi natia sahihi?"

"Kwa sababu ulimuua, bwana," Kituyi alisema.

"Hakimu nasema hapana." Hakuonekana kukasirika. Aliwasha injini, akakanyaga, akaachilia, na injini ikatulia mara moja. "Wewe fundi mzuri," alisema.

Nasambu alijaribu njia nyingine. Mwezi wa Aprili alichimba kaburi. Halikuwa na kitu isipokuwa sanda. Alimwambia Murunga avue kikebe, akitupe katika mto Sosiani. Murunga alikivua, wakakitupa pamoja siku ya Jumapili. Jumatatu askari alimsimamisha njiani akienda zizini, akamfungia siku mbili kwa kutembea bila kipande, kisha Murunga akaandikiwa kingine. Kilikuwa na jina lile lile na tajiri yule yule.

Habari zilienea katika mashamba ya jirani. Walowezi wanne walikuja Chepsaita kwa nyakati tofauti kumtazama Murunga akifanya kazi, na mmoja alimgusa bega. Mwezi wa Juni tangazo lilibandikwa kwenye meza za maziwa za barabara ya Turbo. Lilisema kwamba kibarua akifa, ndugu zake wasimwondolee kipande shingoni, nacho kisiandikwe kitu. Mwaka huo baridi iliua watu wengi katika makambi ya vibarua. Kufikia Septemba, Kipyego alikuwa na watu saba kwenye mstari wa asubuhi wasiotoa mvuke. Aliwapanga mwisho, wasiwatie wengine baridi.

Kituyi aliendelea kulitengeneza gari. Alikwenda Chepsaita kila mwezi na sanduku lake la spana, kwa sababu Bwana Saa hakumwamini fundi mwingine. Mara ya Septemba alimkuta Nasambu amekaa nje ya nyumba yake akichambua maharagwe. Alikuwa akikohoa tangu mvua za Julai, na alikuwa amekonda mikono. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Murunga alikuwa ameketi kando yake, kwa kuwa vibarua walipewa nusu saa ya kula, na yeye aliitumia kwa kukaa.

"Shemeji," Nasambu alimwambia Kituyi, "wewe umesoma. Sisi wanawake tutapewa kipande lini?"

"Sijasikia habari hiyo."

"Hata mwaka ujao?"

"Sijasikia."

Aliutikisa ungo, akapuliza maganda. "Basi mimi sina kizuizi. Nikifa nitapita moja kwa moja." Akamgeukia mumewe. "Nimekuwa nikifikiri habari hiyo. Nani atanipokea huko? Sijui mtu. Wewe ulikuwa utangulie."

Murunga aliokota haragwe lililoanguka, akalirudisha kwenye ungo.

"Mama atakupokea," alisema. "Ana kovu hapa, juu ya jicho, utamjua. Akiniulizia, mwambie bado niko kazini."

Nasambu alisema atamwambia.