Kifua Kigumu

...na ndiyo maana hakusikia vizuri, simu ameibana kati ya bega na sikio, jicho liko kwenye hadubini, na hadubini haina adabu, inakuonyesha kitu kimoja na kukuficha dunia nzima, "Dada, unanisikia? Mwenye nyumba anataka ua uwe mtupu kabla ya jioni, hawa kuku wa mama niwachinje au nifanyeje?" kitinda mimba huyo, yuko nyumbani kwa marehemu mama yao, anafungasha vyombo, na yeye anamjibu ngoja, ngoja kidogo, kana kwamba kuku wa mwisho wa mama ni wa kupangwa foleni, na chini ya kioo kimelala kipande chembamba cha kifua cha kuku wa nyama, kimetiwa rangi, nyuzi za msuli nyekundu, na katikati yake weupe, weupe kila pahali... kuku mwenyewe alikuwa na umri wa wiki chache tu, mzito kama mtoto mchanga, na kifua chake ukikibonyeza ni ubao mtupu, mama angekibonyeza angesema hiki si kitoweo, hiki ni kigoda... mama na kidole gumba chake! alikuwa anamkamata jogoo, anampapasa chini ya manyoya, anabonyeza, na yeye mtoto amechuchumaa pembeni, mate yanamtoka, leo tayari mama? bado, kesho je? bado, kuku ana siku zake mwanangu, hata ukimkodolea macho hanenepi, na siku ikifika nyama inatokota mchana kutwa, mjomba anatafuna mpaka taya zinamuuma, anauliza huyu alikuwa kuku au askari mstaafu, wanacheka wote, mama akicheka kuliko wote, mdomo ameuziba kwa kanga, ee Mungu, kicheko kile, kimekwenda wapi...

"Vipi, sampuli inasemaje?" mkuu wa maabara huyo, amechungulia mlangoni, na yeye bila kuinua kichwa anasema ni yaleyale mkuu, nyuzi zimenenepa haraka, mishipa midogo ya damu imebanwa, hewa haifiki, zimekufa, na mkuu anasema haya, jitahidi, halafu kama kawaida yake anaongeza wewe ni jasiri kweli, mwingine angekuwa bado yuko matangani, na anaondoka... jasiri, ndiyo, wote wanasema hivyo, alizika, akarudi, akavaa koti jeupe, pole zikamkuta mezani anakata sampuli, akazipokea kwa mkono mmoja, asanteni, kazi ya Mungu, tusonge mbele, na chozi halikutoka hata moja, hata la kusingizia, "Dada, kisu kimeshanolewa," anasikia kuku analalamika kule upande wa pili, sauti nzito ya uzeeni, huyo atakuwa yule mwekundu, yule aliyekuwa akilala juu ya beseni la mama, ngoja, anasema, nasikia, ngoja... maana hizi hapa, pembeni ya uzi, vijiseli vidogo, mafundi wa akiba, anavipenda kuliko vyote, vimejilaza tu kama vibarua kivulini, uzi ukipasuka vinaamka, vinazaana, vinaziba, ndivyo mwili unavyopona, lakini vinahitaji muda, na kuku huyu hakupewa muda, jeraha juu ya jeraha, fundi hajamaliza hapa anaitwa kule, mpaka mafundi wakachoka, wakaisha, na pengo halikai wazi, pengo likajazwa makovu, likajazwa mafuta, kifua kikawa kigumu na kwa nje kuku amenona, anapendeza, wateja wanamsifu...

wanamsifu. Jicho lake halijaondoka kwenye hadubini. Aliwahi kumpelekea mama gunia la chakula cha kuku wa kisasa, ametoka chuoni na ujuzi wake, na majogoo ya mama yakafutuka yakashindwa hata kuparamia kichanja, mama akashika kiuno, mwanangu, kuku wangu umewageuza magunia, na wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye vumbi, bega kwa bega, mama ananuka moshi na sabuni, na siku ya mazishi alijiambia nitalia baadaye, nikimaliza ripoti, halafu ikaja ripoti nyingine, na hii, na sasa anaweka mkono juu ya koti, kifuani, anabonyeza, anaogopa, kweli anaogopa, nikichelewa tena sitaweza kulia, nitakuwa hivi hivi, imara, napendeza, sina mama na sina hata kilio chake... "Dada, sema basi, nichinje?" na analitafuta neno usichinje, lipo, lakini linalotoka ni jingine, "Wamekula?" "Nani, kuku?" anauliza mdogo wake, naye anataka kusema ndiyo, kuku, nani mwingine, wape hata makombo, waletwe kwangu, nitawatafutia pa kulala, lakini sauti imeshapasuka, inatoka mbaya, ya kitoto, mkuu yuko koridoni na atasikia, na asikie, na kule upande wa pili mdogo wake anavuta kamasi, anasema taratibu, "Lia, dada. Mimi nipo, sikati simu."