Mamba wa Dukani kwa Venant

Habari ilianzia bombani. Jirani yangu Wilhelmina alikuwa ameinamia ndoo yake isiyo na maji, akanong'ona: "Mama Princess, umesikia ya Sengerema? Kuna mtoto kacheza ile gemu ya hesabu mpaka tivi ikamnywa akili. Sasa akiulizwa jina la baba yake anajibu namba."

"Wilhelmina, na wewe!" nikacheka.

"Cheka tu. Wako si anashinda kwa Venant?"

Kicheko kilinikaukia njiani. Nikasonga ugali, maneno yapo. Nikafua, yapo. Nikalala nayo.

Venant ana duka hapa Mkuyuni. Tangu serikali ilipofungulia biashara huria, kwake hakukosi kitu kipya: mafuta ya nywele, redio za kaseti, viatu vya kuwaka taa. Safari hii kaleta mashine ya gemu, anaichomeka kwenye tivi, na juu ya mlango kaandika kwa chaki INAFUNDISHA HESABU. Mume wangu Ogweno alifurahi sana. Princess wetu wa darasa la pili, aliyekuwa akirudi na sifuri, sasa anarudi na vema daftari zima. Baba mtu akawa anamtolea yeye mwenyewe hela ya kuchezea.

Kesho yake nikaenda kuona. Watoto wamejazana kwenye mkeka, Princess yuko mbele kabisa, macho hayapepesi. Kwenye kioo kuna mto, samaki wanaogelea, na ukingoni amesimama mtoto wa shati jekundu. Mamba wa kijani anawala samaki. Walikuwa kumi na wawili, kala watano, wamebaki wangapi? Princess akabonyeza saba. Mamba akafunga mdomo, akageuka, akazama. Muziki ukalia, watoto wakapiga makofi.

"Na akikosea?" nikauliza.

"Mamba anasogea," akajibu mtoto mmoja. "Ukikosea tena, anamla yule wa shati jekundu."

"Kwa nini asikimbie?"

Wote wakanicheka. "Mama Princess, yule hakimbii! Hana kitufe cha kukimbia!"

Mimi nilikuwa nimeshazunguka nyuma ya tivi. Venant akaniona.

"Shemeji, unatafuta mlango huko?"

"Natafuta inakopitishia akili za watoto."

"Mashine haina meno, shemeji. Rudi nyumbani kapike."

Niliona nyaya na vumbi tu. Nikarudi nimepoa kidogo. Kumbe nilichungulia siko.

Hapa inabidi niseme jambo la nyumbani kwetu. Kwa mama mkwe wangu, ukiwa ziwani humtaji mamba. Unasema "mwenye maji", tena kwa sauti ya chini, halafu basi. Siku moja tukiwa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, Princess alimwuliza bibi yake, "Bibi, mamba akija tunafanyaje?" Akafinywa sikio.

"Nyamaza! Humwiti mgeni usiyemtaka."

Mtoto akalia, akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nililelewa hivyohivyo. Swali lake likabaki hewani.

Jumamosi moja bomba lilikuwa kavu tena, tukaenda ziwani kuchota. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo mpaka ukingoni, kijani kitupu, huoni maji yanaanzia wapi. Mimi nikawa nafunga khanga vizuri nijitwishe ndoo. Princess akaingia mpaka magotini kusuuza dumu.

Nikamsikia anasema, "Tisa kutoa nne, tano."

Nikajua anacheza.

"Kumi na moja kutoa tatu, nane."

Sauti ilikuwa inatetemeka. Nikainua kichwa. Mbele yake magugu yalikuwa yanafunguka polepole, kama nguo inayochanwa, na katikati kuna macho mawili. Mwanangu amesimama wima, mikono ubavuni, sawasawa na yule wa shati jekundu.

"Princess, toka!"

"Ngoja, mama! Kumi na nne kutoa sita, nane!" Magugu yakazidi kufunguka. "Nane! Nimesema nane!"

Ulimi wangu ulikuwa unalitafuta lile jina na haulipati. Nilitupa ndoo nikakimbia, lakini tope la pale linashika miguu. Antoni, mvuvi aliyekuwa anashona nyavu karibu yetu, aliruka na kasia akaanza kuyapiga maji, "Kimbia wewe mtoto! Mamba! Mamba!" Nikamshika Princess gauni kwa nyuma, likachanika, nikamshika mkono, nikamvuta. Maji yakalipuka. Lile dumu lililokuwa mkononi mwake likaondoka, na mshikio wake ukabaki kwenye vidole vya mtoto.

Antoni alilichomeka kasia mchangani. "Mama, mwanao alikuwa anamsomea nini yule?"

Nikambeba Princess mgongoni, ndoo nikaiacha palepale.

Nyumbani nilimwosha tope, nikampa uji, hakuunywa.

"Mama, nilikosea wapi? Kumi na nne kutoa sita si nane?"

"Ni nane, mwanangu."

"Sasa mbona hakurudi?"

Mpaka leo muziki ule unatoka dukani kwa Venant. Wilhelmina bado anahadithia habari za Sengerema. Mimi nakuandikia hii yangu, mama mwenzangu, na haya uyaepuke:

Usimwachie mtoto gemu ambayo hujakaa ukaitazama mpaka mwisho. Kuchungulia nyuma ya tivi si kutazama.

Usichote maji penye magugu, hata kama kwingine ni mbali.

Usimtangulize mtoto majini.

Usimfinye mtoto anayeuliza jambo la kutisha. Usipomjibu wewe, atajibiwa dukani.

Usilifiche jina la mamba. Litaje nyumbani, mchana, umwambie mtoto kwamba mamba hajui hesabu.

Na usimfundishe kusimama. Mfundishe kukimbia.