Sakafu ya Chumba cha Mzee

Mume wangu Mwau alianguka mara ya tatu siku ya Jumanne, katikati ya chumba chetu, pale sakafu ilipopasuka. Gongo lake la miguu minne lilikwama kwenye ufa. Nilimkuta amekaa chini, akiipiga sakafu kwa mkono ule mzima.

"Sikuanguka," akasema. "Nimeangushwa."

Tangu apigwe na kiharusi miaka miwili iliyopita, alikuwa na ombi moja tu: aende mwenyewe msalani, mlango wa ndani ya chumba chetu, bila kushikwa na mke wake kama mtoto. Daktari alisema anaweza. Miguu ilikubali. Sakafu ikakataa.

Kijana wetu Kisilu, aliyetujengea nyumba hii hapa Theta, alikuwa ameleta mafundi wawili kutoka Ruiru. Wa kwanza alipaka saruji juu, akasawazisha vizuri, akaenda zake. Baada ya miezi mitatu ikapasuka palepale. Wa pili akaweka vigae. Mvua za Aprili zilipokuja, vigae vikabanduka kimoja kimoja.

"Mama, hiyo nyumba imerogwa ama?" Kisilu akauliza kwa simu.

"Haijarogwa. Ina mafundi wako."

Safari hii alimtuma fundi Apiyo, mama wa makamo kutoka Mwiki. Alivua gambuti mlangoni, jambo ambalo wale wawili hawakulifanya. Akamsalimia Mzee kwanza, akamwuliza alianguka wapi, ndipo akaweka pimamaji chini. Upande wa dirishani ulikuwa umeinuka vidole vitatu. Akagonga kwa nyundo hapa na pale. Katikati palilia kama debe tupu.

Akatoka nje, nikamfuata. Chini ya dirisha letu akasimama mbele ya nduma zangu. Nilizipanda kwenye mtaro wenye karatasi ya nailoni, ukutani kabisa, ili maji ya kuogea na ya vyombo yasipotee.

"Shosho," akaniita kama bibi yake, "hizi ulipanda lini?"

"Mzee alipotoka hospitali. Walisema apunguze mkate, ale nduma."

Akachimba kidogo kwa mwiko. Nailoni ilikuwa imetoboka. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, unanata kama ugali mbichi.

"Na chini ya nyumba walijaza nini?"

Nikampigia Kisilu. Nikamwuliza. "Ule udongo wa shimo la choo, Mama. Si ulikuwa hapo tu? Ningeutupa wapi?"

Apiyo akatikisa kichwa. "Huu udongo ukinywa maji unafura. Ukikauka unashuka. Huku dirishani unanyweshwa kila siku, unainua sakafu. Kule katikati umekauka, umeacha nafasi. Kupaka saruji juu ni kumpaka mgonjwa poda."

Nikakaa juu ya jiwe. Mwaka mzima nimewatukana mafundi, na kila jioni namwaga ndoo mbili hapo.

"Usijilaumu, Shosho. Ulikuwa unamlisha mzee wako." Akainama, akazing'oa nduma kwa upole bila kukata mizizi, akazihamishia karibu na ua, mbali na nyumba.

Sakafu ilibomolewa yote. Udongo mweusi ukatolewa, yakaingia mawe, kisha murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, kidogo kidogo, kila tabaka likishindiliwa mpaka madirisha yakatetemeka. Halafu nailoni nzito, waya na zege. Vumbi likaingia hadi kwenye sufuria. Mzee, tuliyemlaza sebuleni, alinuna wiki nzima, hasa alipomwona Apiyo akimwagilia zege asubuhi na jioni.

"Tena maji?" akafoka. "Si maji ndiyo yaliharibu?"

"Hili ni zege, Mzee. Bila maji halishiki."

"Wewe na Mama Kisilu mnapenda ndoo sana."

Zege lilipokomaa, Apiyo akaweka pimamaji pembe zote nne na katikati. Akasogea pembeni. Mwau akainuka na gongo lake. Nikamshika kiwiko, maana mkono wangu umezoea.

"Mama Kisilu, niachie."

Nikamwachia. Akaenda polepole, amekunja uso, akiikanyaga sakafu kana kwamba anaitafutia kosa. Akafika, akaingia msalani, akajifungia.

Apiyo na mimi tukabaki tumesimama, tumetega masikio.

"Mnasikiliza nini hapo?" akafoka kutoka ndani. "Nendeni mkapike chai!"

Tukaenda.